Shajara ya mradi: stafilo wa wodini na dawa anazozisikia

Mradi huu unafanyika katika hospitali ya rufaa ya mkoa, ukanda wa pwani ya Tanzania. Tunauliza mambo mawili. Kwanza, stafilokokasi aureasi (bakteria wa vidonda na majipu, kwa kifupi stafilo) tunayemwotesha kutoka kwenye vidonda vya upasuaji na vya kuungua anasikia dawa zipi, yaani zipi zinamzuia? Pili, jibu la maabara linafika wodini likiwa bado na kazi ya kufanya, au linafika mgonjwa akiwa ameshamaliza dozi ya dawa isiyomfaa? Swali la pili ndilo lililonifanya niombe kuingia kwenye timu hii. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka, na nimeona majibu mengi mazuri yakiishia kwenye jalada.

Takwimu za jumla hazitaonekana humu hadi mtakwimu wetu amalize na kibali cha kuchapisha kitoke. Ninachoandika ni kazi inavyokwenda.

Februari, wiki ya kwanza

Kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimefika. Mganga mfawidhi wa hospitali amesaini barua yake. Tumeanza na vyakula vya kuoteshea vimelea, kwa sababu hapo ndipo utafiti wa aina hii hufia kimyakimya.

Agari ya damu, yaani chakula kilichogandishwa kwenye sahani na kuchanganywa na damu, tunaitengeneza wenyewe, kwa damu ya kondoo. Damu ya binadamu iliyobaki benki ya damu hatuitumii: inaweza kuwa na kingamwili au mabaki ya antibayotiki yanayozuia kimelea kuota, na anayeishika anajiweka kwenye hatari ya virusi. Mfugaji wa jirani ametukubalia kondoo dume wawili, na daktari wa mifugo wa wilaya ndiye anayekinga damu kutoka mshipa wa shingo. Damu inaingia moja kwa moja kwenye chupa iliyochemshwa yenye gololi za kioo, na mtu mmoja kazi yake ni kuizungusha chupa ile bila kupumzika, hadi nyuzi za mgando zote zinase kwenye gololi na damu ibaki majimaji. Mkono unauma, lakini ukisimama tu, inaganda. Kisha agari iliyochemshwa inaachwa ipoe hadi nyuzi joto 50 hivi ndipo damu imiminwe. Ikimiminwa agari ikiwa ya moto zaidi, damu inaiva na sahani zinatoka na rangi ya kahawia.

Agari ya pili ni ya chumvi na manitoli (aina ya sukari), yenye chumvi asilimia 7.5. Bakteria wengi wa kwenye kidonda hawawezi kuota hapo. Stafilo anaota, na aureasi akiichachusha manitoli, agari nyekundu inageuka njano. Ya tatu ni Mueller-Hinton, ya kupimia dawa, na hiyo tunaimimina kwa kipimo ili unene wake uwe milimita 4. Ikiwa nyembamba, dawa inasambaa mbali na kimelea sugu kinaonekana kama kinasikia dawa. Ikiwa nene, kinyume chake. Kijana wetu mpya alishangaa kuniona nikichomeka rula kwenye sahani tupu. Sasa anafanya hivyo mwenyewe kwa kila mkupuo.

Februari, wiki ya tatu

Sampuli zimeanza kuingia, na nyingi si nzuri. Usaha uliolala juu ya kidonda tangu jana yake umepakwa kwenye pamba na kuletwa. Juu ya kidonda kilichoachwa wazi kuna kila aina ya bakteria. Ukiotesha hapo utapata msitu, na hutajua nani anayeharibu nyama chini.

Tumekwenda wodi ya upasuaji kukaa na wauguzi. Sista mkuu wa wodi alitaka tuoneshe kwa mgonjwa halisi, si kwa picha, na alikuwa na haki. Kidonda kinasafishwa kwanza kwa maji ya chumvi, usaha wa zamani unaondoka, halafu kijiti cha pamba kinazungushwa kwenye sehemu yenye uhai, eneo la kama sentimita moja ya mraba, kwa kukandamiza kiasi ili majimaji ya ndani yatoke. Kama ni jipu lililojifunga, kuvuta usaha kwa bomba la sindano ni bora kuliko pamba yoyote. Fomu inaandikwa saa, sehemu ya mwili, na dawa ambayo mgonjwa ameshaanza. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachoachwa wazi mara nyingi, nacho ndicho ninachokihitaji kuliko vyote.

Tumekubaliana jambo jingine ambalo halikuwa kwenye andiko la mradi. Sampuli ikifika, kabla hata ya kuoteshwa, tunaitia rangi ya Gramu, inayotenganisha makundi ya bakteria kwa rangi, na kuitazama kwa hadubini. Inachukua chini ya saa moja. Tukiona kokasi (bakteria wa mviringo) za rangi ya zambarau zilizoshikana vichala, tunapiga simu wodini papo hapo. Si jibu kamili, lakini daktari anajua kwamba pengine anashughulika na stafilo na si bakteria wa utumbo, na dawa anayoanza nayo inaweza kuchaguliwa kwa akili zaidi.

Machi, wiki ya kwanza

Kazi imesimama kwa sehemu.

Kila tunapopima sampuli za wagonjwa tunapima pia stafilo wa udhibiti, aina ya ATCC 25923, ambaye tabia yake inajulikana dunia nzima. Kwa penisilini, mduara usioota kitu kuzunguka kisahani cha dawa (kipande kidogo cha karatasi kilicholoweshwa dawa) lazima uwe na kipenyo cha kati ya milimita 26 na 37. Wetu ulitoka mdogo kuliko 26. Tukarudia kwa agari mpya, ukatoka vilevile. Kwa sefoksitini, dawa nyingine ya ukoo wa penisilini, ulikuwa ndani ya mipaka yake, 23 hadi 29, kwa hiyo kimelea na agari havikuwa na tatizo. Visahani vya penisilini vilikuwa vimechoka. Umeme ulikatika mwishoni mwa juma, jenereta ya hospitali haiungi chumba chetu, na joto na unyevu wa pwani vikaifanyia kazi dawa ile. Penisilini huharibika upesi kuliko dawa nyingi.

Tumezuia majibu yote ya penisilini hadi visahani vipya vifike, na wodi zimeambiwa sababu. Kuna aliyesema tungetoa tu, kwa kuwa "stafilo karibu wote ni sugu kwa penisilini hata hivyo." Sikubaliani. Tukiandika "sugu" kwa sababu kisahani kimekufa, tunaiongopea takwimu ya taifa na tunamnyima mgonjwa fulani dawa ambayo pengine ingemponya. Maabara isiyoweza kusema udhibiti wake wa siku ile ulitoka ngapi haipaswi kumwambia daktari abadilishe dawa.

Mfamasia ametupa nafasi kwenye friji ya chanjo ambayo ina umeme wa jua, kwa maandishi kwamba visahani vitakaa kwenye kopo lililofungwa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Kopo likitoka huko linaachwa mezani hadi lipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa, lisije likaingia umande.

Machi, wiki ya tatu

Stafilo sugu kwa methisilini (dawa ya ukoo wa penisilini) wa kwanza wa mradi, ambaye wengi humwita MRSA, ametoka wodi ya walioungua.

Mtoto alimwagikiwa na maji ya moto. Alikuwa ameshakaa wodini muda, homa haishuki, ngozi haifuniki. Kwenye hadubini tuliona vichala. Asubuhi iliyofuata agari ya chumvi ilikuwa njano. Kwa katalesi, tone la haidrojeni peroksaidi lilitoa povu; hiyo inatenganisha stafilo na streptokokasi, kokasi wa aina nyingine. Kisha koagulesi: kimelea kinachanganywa na plazima (majimaji ya damu) kwenye kijineli cha kioo, kinawekwa kwenye joto la mwili, na baada ya saa 4 unakiinamisha polepole. Maji yakitiririka, unasubiri hadi kesho yake. Hii haikutiririka. Plazima yote ilikuwa imeganda, ikabaki imeng'ang'ania chini hata kijineli kilipolazwa. Huyo ni aureasi.

Siku iliyofuata tukasoma dawa. Kwa sefoksitini, mpaka ni milimita 22: kuanzia hapo anasikia, 21 kushuka chini ni sugu. Mduara wa mtoto huyu ulikuwa na kipenyo cha 13.

Daktari wa zamu aliponipigia, swali lake la kwanza lilikuwa: "Basi tumpandishe kwenye meropenemu?" Ni swali la kawaida na nimelisikia sehemu nyingi, kwa hiyo naliandika jibu lake kwa urefu.

Penisilini na ndugu zake wote, yaani kloksasilini, amoksilini, seftriaksoni, hata meropenemu, wanaua kwa njia moja. Wanashika protini ambazo bakteria anazitumia kujengea ukuta wake, ukuta unabaki na nyufa, bakteria anapasuka. Stafilo sugu kwa methisilini amebeba jeni iitwayo mecA. Jeni hiyo inamtengenezea protini nyingine ya kujengea, ambayo dawa hizi haziwezi kuishika. Zile za kawaida zikishikwa, hii ya ziada inaendelea na ujenzi. Kwa hiyo kupanda kutoka kloksasilini kwenda seftriaksoni, na kutoka seftriaksoni kwenda meropenemu, ni kubadilisha bei bila kubadilisha chochote kwa mgonjwa. Meropenemu ni dawa kubwa dhidi ya bakteria wengine. Kwa huyu haifai kabisa. Kuna sefalosporini (kundi la seftriaksoni) chache mpya zinazoweza kuishika protini hiyo, lakini stoo yetu haina hata moja.

Sefoksitini yenyewe hatuitumii kumtibu mtu. Tunaipima kwa sababu inaichokoza jeni ya mecA ijioneshe wazi kuliko dawa nyingine za ukoo huo, na sahani inasomeka bila ubishi.

Klindamaisini ilionekana kama njia ya kutokea. Mduara wake ulikuwa mpana. Lakini tulikuwa tumeweka kisahani cha erithromaisini karibu nacho, umbali wa milimita 20 hivi, na upande unaoielekea erithromaisini mduara wa klindamaisini ulikuwa umebonyea, umepata umbo la herufi D. Maana yake kimelea kina usugu uliojificha: erithromaisini inauamsha, na mgonjwa akipewa klindamaisini usugu huo unaweza kuamka katikati ya tiba. Anayepima klindamaisini peke yake, kisahani kikiwa mbali na kingine, angeandika "anasikia" na angekuwa amemponza mtoto. Tumeandika "sugu" na kueleza sababu kwenye fomu.

Ikabaki vankomaisini. Inaingizwa kwa dripu polepole, si chini ya saa nzima, maana ikikimbizwa mgonjwa anawasha na kubabuka wekundu, na figo lazima zipimwe. Uwezo wa vankomaisini dhidi ya stafilo haupimiki kwa kisahani. Unahitaji kuipunguza dawa hatua kwa hatua kwenye mirija. Kazi hiyo tumeipeleka maabara ya taifa Dar es Salaam, pamoja na kuthibitisha jeni. Kimelea kimesafiri kwenye kasha la baridi lenye tabaka tatu za ufungashaji. Jibu limerudi: mecA ipo, vankomaisini anaisikia.

Homa ya mtoto imeshuka. Madaktari wanasema ni dawa na pia ni ngozi iliyokufa kuondolewa, na nadhani wana haki kuvitaja vyote viwili.

Machi, wiki ya mwisho

Wanafunzi wa chuo cha afya wamekuja kwa mazoezi. Waliuliza usugu huu ulianza lini, na niliona wengi wanadhani ni jambo la juzi lililoletwa na maduka ya dawa ya mitaani.

Sahani ambayo Alexander Fleming aliikuta imeingiliwa na ukungu mwaka 1928 kwenye hospitali ya St Mary's, London, ilikuwa ya stafilo. Penisilini ilianza kutumika kwa wagonjwa miaka ya mwanzo ya 1940, na kabla muongo huo haujaisha hospitali zilikuwa zimeshajaa stafilo wenye kimeng'enya cha kuivunja. Methisilini ilitengenezwa kuvikwepa vimeng'enya hivyo, ikaanza kutumika Uingereza mwaka 1959. Stafilo wa kwanza sugu kwake akaripotiwa Uingereza mwaka 1961. Mwaka 2002, Michigan nchini Marekani, akapatikana stafilo aliyeishinda vankomaisini kabisa, baada ya kuchukua jeni kutoka kwa bakteria mwingine. Hao wamebaki wachache sana duniani hadi leo.

Kilichowashangaza zaidi ni kalunguyeye. Mwaka 2022 watafiti walionesha kwamba aina moja ya stafilo sugu kwa methisilini, yenye jeni ya mecC, iliishi kwenye ngozi za kalunguyeye wa Ulaya tangu karne ya 19, kabla binadamu hajatumia penisilini. Juu ya ngozi hizo kuna ukungu unaotoa dawa ya ukoo wa penisilini, na stafilo walijifunza kuishi nao. Usugu kama uwezo ni wa kale. Tulichofanya sisi ni kuupa sababu ya kuenea wodini, na hicho kiko ndani ya uwezo wetu kukipunguza.

Aprili, wiki ya pili

Hili ndilo nililotaka kulifikia tangu mwanzo.

Kijana wa bodaboda, mfupa wa muundi ulivunjika na kutoka nje, akawekewa vyuma. Kidonda kikaanza kutoa usaha. Alikuwa kwenye seftriaksoni tangu alipolazwa. Sampuli yetu imeotesha stafilo aureasi, penisilini sugu, sefoksitini milimita 27. Yaani huyu si MRSA. Anasikia kloksasilini, dawa ya zamani, ya bei nafuu, iliyopo stoo.

Tulipopeleka jibu, daktari alilitazama akasema, "Vizuri, kwa hiyo anasikia, tuendelee na seftriaksoni." Kwa mtazamo wa wengi jibu hilo ni la faraja na halibadilishi kitu. Hapo ndipo naamini tunapoteza nusu ya thamani ya maabara. Tunapozungumza usugu, watu wote wanangoja habari mbaya: kimepatikana kimelea kisichosikia dawa. Habari njema hazipewi uzito. Kumbe stafilo anayesikia kloksasilini ni agizo la kuchukua hatua sawasawa na yule sugu. Kloksasilini inamuua stafilo vizuri kuliko seftriaksoni, na haisumbui sana bakteria wengine wa mwilini. Seftriaksoni inapita kwenye utumbo na kuwaua bakteria dhaifu, wanabaki wale wenye vimeng'enya vya kuvunja sefalosporini, halafu hao ndio tutakaokutana nao kwenye mkojo na damu ya mgonjwa anayefuata. Shirika la Afya Duniani limegawa antibayotiki kwenye makundi: kloksasilini iko kundi la kutumiwa kwanza, seftriaksoni na vankomaisini ziko kundi la kuangaliwa kwa makini, linezolidi iko kundi la akiba. Mpangilio huo umebandikwa ukutani wodini, na bado seftriaksoni ndiyo inayoandikwa.

Nimekaa na wauguzi wa zamu ya usiku kuelewa kwa nini, na jibu lao lilinifunza kuliko semina zote. Seftriaksoni inachomwa mara moja kwa siku. Kloksasilini ya mshipa ni kila saa 6. "Kaka," aliniambia sista mmoja, "niko na mwenzangu mmoja hapa, wodi imejaa, wengine wawili kitanda kimoja. Dozi ya saa sita usiku na ya saa kumi na mbili asubuhi, nani atazichoma zote hizo?" Aliniandikia kwenye karatasi mizunguko ya usiku mmoja: dripu, kugeuza wagonjwa, kupokea wa dharura, kumsindikiza mmoja chumba cha upasuaji. Hakuwa analalamika, alikuwa ananipa data.

Kwa hiyo daktari anayeandika seftriaksoni si mjinga. Anajua kwamba dawa bora isiyochomwa kwa wakati ni mbaya kuliko dawa ya wastani inayochomwa. Mradi wowote wa usugu unaohesabu milimita bila kuhesabu wauguzi wa usiku utamaliza na ripoti nzuri isiyobadilisha wodi. Nimeomba kiongozi wa mradi tuongeze kipengele: kati ya dozi zilizoandikwa, ngapi zilichomwa, na saa ngapi. Amekubali, na tumerudi kamati ya maadili kuomba marekebisho.

Kwa kijana wa bodaboda tulifanya hivi. Mfamasia, daktari bingwa wa upasuaji na sista mkuu walikaa dakika chache pembeni mwa kitanda. Kloksasilini ikapangwa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku, na wagonjwa wengine wawili wenye stafilo wa aina hiyohiyo wakapangwa saa zilezile, ili muuguzi achanganye dawa mara moja na azungukie vitanda vitatu kwa mwendo mmoja. Sefazolini, ambayo ni kila saa 8, ingerahisisha zaidi. Mfamasia ameiweka kwenye maombi ya robo ijayo.

Mei, wiki ya kwanza

Matokeo ya dodoso la dawa za awali yanakuja taratibu. Ukimwuliza mgonjwa, "Kabla ya kuja hapa ulitumia antibayotiki?" anasema hapana. Ukimwuliza alitumia nini, anasema dawa ya vidonda. Kwa hiyo tumetengeneza ubao: kapsuli na vidonge halisi vinavyouzwa mkoani, vimebandikwa chini ya plastiki, bila majina. Mgonjwa anagusa anachokitambua. Vidole vinakwenda kwenye kapsuli za rangi mbili kabla hata hatujamaliza swali.

Mama mmoja alieleza kwamba aliifungua kapsuli na kuinyunyizia kidonda cha mwanawe unga wake, kama alivyofanyiwa yeye utotoni. Hakuwa na aibu na hakustahili kuwa nayo. Kidonda kilikauka juu, usaha ukabaki chini, na siku chache baadaye mtoto alishindwa kutembea. Wengi wengine walinunua nusu dozi kwa sababu ndiyo pesa iliyokuwepo mfukoni, na muuzaji aliwakatia karatasi kwa mkasi kadiri ya pesa. Sheria inataka cheti cha daktari; kwenye duka lililo mbali na zahanati, mgonjwa akiwa amesimama mbele yako na mtoto ana homa, sheria hiyo inakuwa mbali.

Majipu madogo yasiyo na homa yanahitaji kupasuliwa na kusafishwa, na mengi hupona hivyo bila antibayotiki yoyote. Hilo tunaliweka kwenye kipeperushi cha wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, kwa maneno wanayoweza kumwambia mteja. Muuzaji anayejua kusema "hili likapasuliwe zahanati" ameokoa dozi moja.

Mei, wiki ya tatu

Pua za wafanyakazi. Karibu mtu mmoja kati ya watatu hubeba stafilo aureasi puani bila kuumwa chochote, kwa hiyo mpango ulikuwa kuwapima watoa huduma wanaokubali. Kikao kilikuwa kizito. Muhudumu wa usafi ndiye aliyesimama kwanza: "Mkinikuta nao, nitaambiwa mimi ndiye niliyemwua mtoto wa watu?" Wengine wakatikisa vichwa kukubaliana naye.

Tulisitisha uchukuaji wa sampuli siku ile na kuandika upya fomu ya ridhaa. Namba badala ya jina, jibu anapewa mhusika peke yake, hakuna anayeondolewa kazini, na atakayekutwa na MRSA anapewa mafuta ya mupirosini ya kupaka puani kwa gharama ya mradi. Wengi wamekubali sasa. Waliokataa hawaulizwi sababu.

Pamoja na pua tumepangusa vitu: fremu za vitanda, stetoskopu, simu za mkononi, pazia. Stafilo anavumilia ukavu, anaweza kukaa juu ya kitu kikavu kwa wiki nyingi. Duka la dawa la hospitali limeanza kuchanganya dawa ya mikono kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani, ethanoli asilimia 80 pamoja na gliserini na haidrojeni peroksaidi kidogo, na chupa zinafungwa mguuni mwa kila kitanda. Zilipokuwa mlangoni tu, hazikuisha. Zilizo kitandani zinaisha.

Juni, wiki ya kwanza

Fomu mpya ya majibu imeanza kutumika. Stafilo akisikia sefoksitini, mstari wa kwanza unasomeka: "Anasikia kloksasilini." Seftriaksoni haiandikwi kabisa, wala meropenemu. Daktari akizihitaji kwa sababu maalumu anapiga simu na tunazungumza. Stafilo akiwa sugu, kloksasilini na ukoo wake wote vinaandikwa "sugu" kwa mstari mmoja, kisha vankomaisini, kotrimoksazoli na klindamaisini kufuatana na matokeo ya herufi D. Juu kabisa ya fomu kuna saa tatu: sampuli ilipochukuliwa, ilipofika maabara, na jibu lilipopigiwa simu. Wodi zinaziangalia saa hizo, nasi tunaziangalia, na kila upande unajua ucheleweshaji ulianzia wapi.

Stafilo akiota kwenye damu, hatusubiri fomu. Anayeiona chupa anapiga simu, hata kama ni usiku, na aureasi kwenye damu hatumhesabu kamwe kuwa ni uchafu wa ngozi.

Kijana wa bodaboda ameanza kukanyaga kwa magongo. Usaha umekoma, vyuma vitaondolewa mfupa ukishaunga.

Madaktari wa upasuaji wameomba huduma ya rangi ya Gramu iwepo Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa ajali nyingi zinaingia siku hizo. Watu wa kuifanya tunao watatu. Ratiba ya zamu ya Juni imebandikwa leo, jina langu likiwa kwenye wikiendi ya kwanza, na ombi la kuunganisha chumba chetu kwenye jenereta limepelekwa kwa mara nyingine kwa katibu wa afya, safari hii likiwa na saini ya daktari bingwa wa upasuaji na ya sista mkuu.